Mizani ya Haki

Tushangiliapo yubile hii na tuikumbuke asili yake. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 25, sheria ya yubile yafuatwa mara na amri juu ya biashara, kwamba watu wasipunjane.

Nchi yetu yalijua neno hili. Karibu na mwaka 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walinung'unikia mizani ya wanunuzi. Wakajiunga, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Na mwaka 1955 vyama vyao vikafanya muungano mmoja, na Paul Bomani akawa kiongozi wao. Huko Geita nako, mwaka 2019, lilifunguliwa soko la madini, ili mchimbaji mdogo apimiwe dhahabu yake hadharani.

Lakini hakuna mpimaji awezaye kuwekwa katika kila nyumba. Ujira wa mama apondaye mawe machimboni, na wa kijana achungaye ng'ombe zetu, nani aupima? Ni dhamiri zetu tu. Basi yatupasa kuwalipa kwa wakati, wala tusingoje waombe mara ya pili. Apunjwaye huenda asijue, Mungu ajua. Tusilete altareni fedha ya jirani yetu tukaiita sadaka.