Mkongo Umepita Barabarani, Zahanati Bado

(Hotuba ya wauguzi wa jumuiya katika sherehe ya Uhuru, 9 Desemba)



Kamati ilitutaka tuzungumzie presha na sukari. Hayo tutayasema mezani kwetu, pale mlangoni, mkipima kabla ya pilau. Hapa tunaomba tuseme juu ya intaneti ya nyumbani, maana siku hizi uuguzi wetu kwa wazazi wetu unapita humo.

Wakubwa mnakumbuka kadi za kupigia simu, zile za kukwangua namba, dakika zinakwisha salamu hazijaisha. Mpaka 2009 Tanzania ilitegemea zaidi setilaiti, ghali na ya polepole. Julai mwaka ule mkongo wa Seacom ukafika Dar es Salaam, na 2010 ukaja wa EASSy. Lakini mkongo wa baharini unaishia ufukweni. Kuufikisha bara, serikali ilikopa China ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, TTCL ikapewa kuuendesha, na kupitia mipakani zikaunganishwa Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Watoto, bibi akiwaonyesha kuku wake kwenye simu, ujue kuna uzi mwembamba wa kioo umezikwa kando ya barabara, na deni lake analilipa bibi huyohuyo kila anaponunua sukari.

Ndiyo maana tunaona ana haki nao. Mkongo unapita barabara kuu, zahanati iko kilomita kadhaa ndani, na humo katikati hakuna kitu ila mnara wa simu unaoshika ukipanda kichuguu. Kampuni hazifuati kijiji chenye wateja wachache. Hatuzilaumu, ni biashara. Kwa ajili hiyo ilitungwa sheria ya 2006 ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ambao hutoa ruzuku minara ijengwe vijijini. Minara imejengwa, tunashukuru. Ila mnara wa kupigia simu hautoshi kazi ya zahanati.

Sisi tunaletewa picha usiku: mguu wa mzee mwenye kisukari. Ikifika na ukungu hatujui kama ukingo wa kidonda ni mwekundu au umeanza kuwa mweusi. Basi tunajibu lililo salama, "Mpelekeni hospitali ya wilaya." Nauli ya safari hiyo ni ada ya mtoto. Mguu ukiwa mweusi, ilistahili. Ukiwa mwekundu tu, muuguzi wa zahanati angeusafisha palepale, laiti angeweza kumwonyesha daktari picha safi.

Mei 12, 2024, EASSy na Seacom zilipokatika baharini, sote humu tulihangaika na simu zisizofunguka. Kwa zahanati nyingi hali ile ni ya kila siku.

Tukichanga tena, tusikimbilie kununua kompyuta. Tuiulize halmashauri kwanza: bili ya intaneti ya kila mwezi italipwa kutoka fungu gani? Kifaa kisicho na bili huishia kufunikwa kitambaa. Barua ya swali hilo iko kwa katibu. Tunaomba saini zenu kabla hamjaondoka leo.