Jembe la Apolo
Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini kila mmoja ameketi mahali penye mwanga, na karatasi hii iko mbele yake. Fuateni kwa kidole ninapozungumza. Atakayeachwa nyuma asihuzunike. Mwalimu atawasomea tena.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo nitawaeleza habari za mgeni mmoja ambaye hakungoja siku ya tatu. Alikuja na jembe lake mwenyewe.

Mtu huyo alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Alikuwa pacha, na jina lake la kwanza lilikuwa Waswa. Katika ujana wake alishika silaha katika vita vya nchi yake. Kisha akaanza kujifunza kusoma. Wakati ule, katika Buganda, watu waliofuata mafundisho ya wamisionari waliitwa wasomaji, kwa sababu kusoma na kuamini vilikwenda pamoja. Mwaka 1895 alibatizwa akaitwa Apolo. Watu walimpa na jina la Kivebulaya, maana yake kwa Kiganda, kitu kilichotoka Ulaya. Inasemekana walimwita hivyo kwa ajili ya koti jekundu la askari alilopenda kulivaa.

Apolo alipelekwa kuwa mwalimu katika nchi ya Toro, chini ya milima ya Ruwenzori. Milima hiyo ni mirefu sana. Kilele chake kina meta 5,109, nacho kina theluji. Ng'ambo ya milima kuna bonde la mto Semliki, na ng'ambo ya mto huo iko nchi ya Mboga, ambayo leo imo katika Kongo. Walimu wawili walikuwa wametangulia kwenda Mboga, lakini hawakuweza kukaa. Mtawala wa huko, jina lake Tabaro, hakuwataka, na watu wake wakawanyima chakula. Wale walimu walikuwa Waganda, na katika desturi yao kulima ilikuwa kazi ya wanawake. Basi njaa ikawarudisha kwao.

Mwaka 1896 Apolo akajitolea kwenda. Alijua yaliyowapata wenzake. Akachukua jembe, akavuka milima. Alipofika Mboga akalima shamba lake, akala jasho lake, akafundisha watu kusoma. Tazameni jambo hili, ndugu zangu. Kabla ya kuwageuza watu wa Mboga, safari ilimgeuza yeye kwanza. Ilimbidi aiache desturi ya kwao iliyomwambia kwamba mwanamume hashiki jembe.

Lakini jembe huondoa njaa tu; haliondoi chuki. Apolo aliwakataza watu ulevi na mambo mengine ya desturi zao, na Tabaro akakasirika. Apolo akapigwa vibaya. Kisha, mwaka 1898, dada yake Tabaro akaanguka juu ya mkuki akafa. Ilikuwa ajali, lakini lawama akatupiwa mwalimu. Alifungwa, akavushwa tena milima, akatiwa gerezani huko Toro.

Hebu tufikiri kidogo. Mtu huyu alikwenda kuwapa watu habari njema. Sasa yuko kifungoni kwa kosa asilolitenda. Hana shamba, hana wanafunzi, hana kitabu. Je, wewe ungesema nini? Wengi wetu tungesema: Nimejaribu, wamekataa, narudi kwetu.

Apolo mwenyewe alisimulia kwamba katika siku hizo za kifungo alimwona Yesu Kristo, naye akamtia moyo, akamwambia asiogope, kwa maana yuko pamoja naye. Mimi siwezi kuingia katika moyo wa mtu nikawaeleza alichokiona. Kila msikilizaji atalipokea jambo hili kwa imani yake, awe Mkristo au si Mkristo. Ninachoweza kuwaeleza ni kile alichofanya baadaye. Alipofunguliwa hakurudi Buganda. Alivuka milima tena, akarudi Mboga kwa mtu yule yule aliyempeleka gerezani. Hakwenda kulipiza kisasi, wala kudai fidia. Alikwenda kufundisha. Na Tabaro, alipomwona amerudi, moyo wake ukalainika. Mwishowe naye akabatizwa.

Mwaka 1903 Apolo akawa kasisi. Alifanya kazi tena Toro kwa miaka mingi, kisha akarudi Mboga kukaa. Karibu na Mboga unaanza msitu mkubwa, na ndani yake wanaishi Wambuti, watu wafupi wa kimo. Majirani wengi waliwadharau. Tangu mwaka 1921 Apolo akaingia msituni kuwafuata. Hakuwangoja wao waje mlangoni pake. Mtu aliyekwisha kuketi chini gerezani huwa hana shida kuketi chini karibu na moto wa mwenzake.

Apolo alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Kabla ya kufa alitoa agizo moja. Kwa desturi maiti hulazwa kichwa kikielekea mashariki. Yeye aliomba kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ilikuwa bado huko.

Ndugu wanafunzi, tunaposafiri kwenda kuwasaidia wengine, twafikiri kwamba sisi ndio wenye kitu, na wao ndio wapungufu. Habari za Apolo zatuonyesha vingine. Alikwenda na mafundisho, lakini imani yake ilikomaa pale aliponyang'anywa kila kitu. Alikwenda kuwa mwalimu, akajifunza kulima, kuonewa na kusamehe. Mtembezi akirudi kama alivyotoka, miguu tu ndiyo iliyosafiri.

Na ninyi pia, kila jioni mnapoacha kazi zenu mkaja darasani, mko safarini. Msione haya kuanza na jembe. Kwa herini, mpaka somo lijalo.

Maneno magumu
pacha: mmoja wa watoto wawili waliozaliwa pamoja
fidia: malipo ya hasara
kukomaa: kufikia upevu

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini walimu wa kwanza hawakuweza kukaa Mboga?
2. Jembe lilimsaidia Apolo kwa njia gani? Ni jambo gani ambalo jembe halikuweza?
3. Je, umewahi kwenda kumsaidia mtu, ukajikuta wewe ndiye uliyesaidiwa? Waeleze wenzako, kisha uandike sentensi tatu.