Likizo ya Kipupwe: Vijana Wetu Wafanye Nini?

(Mazungumzo na wazazi wa kijiji kimoja wilayani Makete, kabla ya shule kufungwa mwezi wa Juni)

Tunaona wengi wenu mmejitanda mablanketi, kwa hiyo hatutawaweka sana.

Leo tunataka tuzungumze juu ya vijana wetu. Shule zinakaribia kufungwa, na watoto wa sekondari watarudi nyumbani. Wanarudi katika baridi kali ya mwaka. Ninyi mnaijua. Huku kwetu Makete, na kule Kitulo, kuna alfajiri ambapo umande unaganda juu ya majani ukawa mweupe kama chumvi. Kijana akiamka anakimbilia wapi? Jikoni. Anakaa motoni mpaka jua lipande.

Kukaa motoni si kosa. Lakini sikilizeni jambo lililotokea kipupwe cha mwaka jana, katika kijiji jirani. Vijana wanne walijifungia chumbani kucheza karata. Waliingiza jiko la mkaa, wakafunga mlango na dirisha. Mama mwenye nyumba alipowaita kula, hawakuitika. Akasukuma mlango. Akakuta wawili wamelala chini hawajitambui, na wawili wanatapika. Majirani waliwatoa nje wakapata hewa safi, kisha wakawapeleka zahanati. Walipona. Wangechelewa kidogo, kijiji kizima kingekuwa msibani.

Mkaa unapowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haionekani, wala haina harufu. Mtu huumwa kichwa, husikia kizunguzungu, huishiwa nguvu, halafu hulala asiamke. Basi, jiko la mkaa lisiingizwe chumbani, hata kwa dakika chache.

Sasa tuulizane. Kijana akikatazwa jiko chumbani, atapata joto wapi? Jibu ni kwamba mwili wenyewe una joto. Misuli ikifanya kazi, mwili hupata moto. Mkimbize kijana uwanjani robo saa, utaona anavua sweta mwenyewe. Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020, lilishauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kutumia mwili kwa bidii kila siku. Hiyo ni saa moja tu.

Katika kikao kilichopita mzee mmoja alituambia hivi: "Walimu, mimi namsomesha mtoto kwa kuuza viazi. Akirudi nyumbani afanye kazi. Michezo ni ya wenye nafasi." Mzee, tulikusikia. Hatukatai kazi. Kulima vinyungu bondeni, kupasua kuni na kuandaa kitalu cha miche ni kazi nzuri, na mwili unachangamka. Lakini kazi ikiisha saa 8 mchana, kijana yuko wapi? Tulipouliza hivyo, mama mmoja alijibu: "Wengine wako kilabuni." Tukanyamaza wote, maana ni kweli. Kijana asiyekuwa na uwanja hutafuta kilabu cha pombe.

Michezo haihitaji fedha nyingi. Hebu tuitaje.

Kwanza, mpira wa miguu. Zamani tulitengeneza mpira kwa mifuko ya plastiki. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019. Vitambaa vikuukuu vinatosha. Vifungashe vizuri, vitie ndani ya soksi, kisha zungushia kamba ya katani.

Pili, mpira wa pete. Kila timu ina wachezaji 7. Uwanja ni kama hatua 30 kwa 15. Simika nguzo mbili za mti, na pete iwe juu kiasi cha mita 3. Pete mnaweza kukunja kwa fito imara.

Tatu, rede. Wawili wanarusha mpira, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Tumieni chupa ya plastiki. Ya kioo itakata mtu.

Nne, kuruka kamba, kuvuta kamba, na mbio za magunia. Magunia ya viazi tunayo. Katika kuvuta kamba, mtu asijizungushie kamba mkononi, itamvunja vidole.

Tano, mbio. Hapo hata kamba haihitajiki. Mtanzania Filbert Bayi, mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Akavunja rekodi ya dunia, na rekodi yake ikadumu mpaka 1979. Vilima vya kukimbilia tunavyo hapa.

Sasa yako mambo ya kuangalia. Wasianze kabla ya umande kukauka, maana watateleza. Waanze polepole kwa kutembea na kujinyoosha, ndipo wakimbie. Wanywe maji hata kama ni baridi. Wakimaliza wavue nguo zenye jasho, wavae kavu. Uwanja usiwe kando ya barabara ya magari.

Neno la mwisho ni la wasichana. Msichana akirudi likizo anachota maji, anatafuta kuni, anapika, anaosha vyombo. Kaka yake akiweka jembe chini, siku yake imekwisha. Je, msichana atacheza saa ngapi? Tusiseme wasichana hawapendi michezo wakati ndoo iko kichwani. Kaka naye abebe ndoo. Kazi wakizigawana, zitaisha mapema, na wote wawili watafika uwanjani.

Tunapendekeza hivi: asubuhi kazi za nyumbani, na kuanzia saa 9 alasiri mpaka saa 11 michezo. Wazazi wawili wawepo kila siku, kwa zamu. Vijana wenyewe wachague nahodha na mwamuzi. Yule mzee wa viazi tunamwomba awe wa kwanza kwenye zamu. Tunaona anacheka, basi amekubali.



Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:

1. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa chumbani?

2. Katika nyumba yako, nani anamaliza kazi wa mwisho? Kwa nini?

3. Kijijini kwenu, ni mahali gani panafaa kuwa uwanja wa vijana? Nani atapasafisha, na lini?