Gari la Mradi, Ufunguo Wake na Bima Yake

(Mada iliyotolewa kwa kamati za sharika na wawakilishi wa wafadhili)



Leo tunazungumzia jambo linaloonekana dogo: kazi anayoifanya fundi pale ufunguo wa gari la mradi unapopotea. Kazi hiyo ya nusu siku inaweza kutunyima fidia ya gari zima.

Magari mengi ya siku hizi hutoka kiwandani yakiwa na imobilaiza, yaani kifaa kinachozuia injini isiwashwe na ufunguo usiotambulika. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo isiyohitaji betri. Ufunguo ukiingia kwenye swichi, waya uliozungushwa hapo huiamsha chipu, nayo hutoa namba yake ya siri. Kompyuta ya gari isipoitambua namba hiyo, injini haiwaki hata kama ufunguo umechongwa vizuri.

Umoja wa Ulaya ulifanya kifaa hiki kuwa sharti kwa magari mapya ya abiria kuanzia Oktoba 1998, na Kanada kuanzia Septemba 2007. Marekani haikuweka sharti hilo. Huko, katika magari ya mwaka 2015, ni asilimia 26 tu ya aina za Hyundai na Kia zilizotoka kiwandani na imobilaiza, wakati kwa kampuni nyingine ilikuwa asilimia 96. Wezi walipogundua, magari hayo yaliibwa kwa wingi kuanzia 2021. Mwanzoni mwa 2023, kampuni za bima za State Farm na Progressive ziliacha kuyapokea kwa bima mpya katika baadhi ya miji. Mjue basi kwamba mtoa bima hukipima kifaa hiki anapokadiria hatari.

Hapa kwetu, ufunguo ukipotea, wako mafundi wanaoshauri "kubaipasi". Mmoja huficha chipu karibu na swichi ili ufunguo wowote uliochongwa uwashe gari. Mwingine hufunga kompyuta iliyotoka kwenye gari jingine. Gari linawaka, gharama ni ndogo, na kila mtu anafurahi. Lakini kuna hatari tatu.

Kwanza, bima. Bima ndogo ni lazima kisheria, lakini huwalinda watu wengine. Gari lenu likiibwa hailipi. Inayolipa ni bima kubwa, na mkataba wake umejengwa juu ya ukweli. Mwenye gari anatakiwa kueleza mambo yote yanayogusa hatari, na kuchukua tahadhari ya kulilinda gari. Baada ya wizi, kampuni huomba taarifa ya polisi, kadi ya gari na funguo zote. Ikigundua kuwa ulinzi wa kiwandani uliondolewa bila kuarifiwa, inaweza kupata sababu ya kukataa au kupunguza malipo. Hali ni hiyo hiyo ikiwa moto umeanzia kwenye nyaya zilizounganishwa ovyo.

Pili, sheria. Kompyuta iliyonunuliwa bila risiti huenda imetoka kwenye gari la wizi. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kupokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini kuwa imeibwa, ni kosa. Bei ya chini mno kichochoroni ni sababu ya kutosha ya kujiuliza.

Tatu, uwajibikaji. Gari la mradi limenunuliwa kwa sadaka na michango. Likipotea bila fidia, zahanati ya mbali inakosa chanjo na mkaguzi wa hesabu anakosa jibu.

Kwa hiyo tunashauri yafuatayo:

1. Ufunguo wa akiba ukae kwenye sefu ya ofisi, na kila anayeuchukua atie saini.

2. Ufunguo ukipotea, toeni taarifa polisi, kisha iandikieni kampuni ya bima kabla fundi hajagusa gari. Mtunze jibu lake.

3. Mtafuteni fundi mwenye mashine ya kusajili ufunguo mpya na kuufuta ule uliopotea kwenye kumbukumbu ya gari. Ni ghali zaidi, lakini ulinzi unabaki.

4. Dai risiti yenye namba ya gari na maelezo ya kazi.

5. Kama gari lenu tayari limebaipasiwa, iarifuni kampuni sasa, kabla ya kuhuisha bima, na pangeni bajeti ya kurudisha mfumo.

Mkiona mmenyimwa haki, yuko Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Lakini hata kwake mtaulizwa maandishi. Kamati isiyo na barua wala risiti itakwenda mikono mitupu.

Tunawaomba kila kamati ilete jambo hili kwenye kikao kijacho, likiwa na jina la mtunza ufunguo.