Kasi Kubwa, Mzigo Unakawia

Wekeni kalamu na karatasi karibu, maana leo iko hesabu.

Tumepata swali kutoka Makambako. Aliyeuliza ni fundi wa simu. Ndugu zake wako katika darasa la watu wazima huko Njombe, nao hulima parachichi. Walisikia kwamba iko sinema ya mafunzo ya kilimo hicho, na wenyewe walioitengeneza wameruhusu igawiwe bure kwa njia ya torenti. Wakachanga fedha, wakampa fundi. Fundi akalipia intaneti ya kasi ya megabiti 20 kwa sekunde. Kupakua sinema hiyo kukachukua zaidi ya saa nzima. Juma la pili akaongeza fedha, akalipia megabiti 40, akapakua sinema nyingine iliyo kubwa sawasawa na ile ya kwanza. Zaidi ya saa nzima vilevile! Sasa anauliza, "Je, nimeibiwa? Na wenzangu niwaambie nini?"

Ndugu fundi, yamkini hukuibiwa. Lakini fedha za mara ya pili ulizitupa. Sikiliza.

Kwanza tutazame maneno mawili yanayofanana: biti na baiti. Kasi ya intaneti huuzwa kwa biti. Ukubwa wa faili hupimwa kwa baiti. Baiti moja ni biti 8. Basi megabiti 20 ukizigawanya kwa 8 unapata megabaiti 2 na nusu kwa sekunde. Andika hapo. Watu wengi hukasirika bure kwa sababu hawakuufanya mgawanyo huu.

Sinema ya fundi ilikuwa megabaiti 600. Gawanya kwa 2 na nusu: ni sekunde 240, yaani dakika 4. Kumbe ilipasa kufika kwa dakika 4! Saa nzima ilitoka wapi?

Fikiria barabara ya lami itokayo Njombe kwenda Makambako. Ni kama kilometa 60, na lori hupita bila taabu. Mnunuzi wa viazi yuko Makambako na lori lake kubwa. Lakini viazi viko kwa wakulima watatu, na kila mmoja huvileta barabarani kwa baiskeli, gunia moja moja. Je, mnunuzi akileta lori kubwa zaidi, viazi vitafika upesi? Havitafika. Lori litasimama likingoja baiskeli.

Torenti ni hivyo hivyo. Njia hii ilibuniwa na Mmarekani, Bram Cohen, mwaka 2001. Hakuna ghala moja kubwa linalotoa faili. Faili hukatwa vipande vingi vidogo, na watu walio nalo hukupa vipande hivyo kutoka katika kompyuta zao wenyewe. Kompyuta yako hukagua kila kipande, kisha huviunganisha. Anayekupa si kampuni. Ni mtu kama wewe, mwenye intaneti kama yako. Na katika intaneti nyingi za nyumbani, njia ya kupokea ni pana, na njia ya kutoa ni nyembamba.

Fundi aliona watu watatu tu waliokuwa wakimpa. Tuseme kila mmoja alitoa kilobaiti 50 kwa sekunde. Jumla 150. Megabaiti 600 ni kilobaiti 600,000. Gawanya kwa 150: sekunde 4,000, yaani dakika 66 na sekunde 40. Hiyo ndiyo saa yako, fundi. Ungelipia hata megabiti 100, ingekuwa ile ile.

Liko jambo la pili, nalo ni desturi ya nipe nikupe. Katika torenti, watu wanaopakua pamoja hubadilishana vipande, na kompyuta zao hupenda kumpa yule anayetoa. Ukifunga mkono, utapata makombo. Lakini usifungulie yote pia. Kila kipande kinapofika, kompyuta yako hurudisha ujumbe kusema, "Nimepokea." Ukiijaza njia ya kutoa mpaka pomoni, ujumbe huo hukwama foleni, na wanaokutumia hupunguza mwendo. Acha nafasi kidogo. Na kumbuka kwamba kutoa nako hula kifurushi.

La tatu laweza kuwa gumu kidogo. Mnajua Sanduku la Posta la shule. Walimu ishirini, S.L.P. moja. Mwalimu akiandika barua, jibu huja na jina lake, nalo humfikia. Lakini barua ikija bila jina, karani ataitupa pembeni. Mitandao mingi ya simu hufanya hivyo: wateja wengi hutumia anwani moja ya nje. Wewe waweza kumwita mwenye faili, lakini yeye hawezi kuanza kukuita wewe. Na kama wote wawili mmejificha nyuma ya masanduku ya namna hiyo, mara nyingi hamtaonana kabisa. Kwa hiyo watu kumi wenye faili huweza kuwa watatu tu kwako.

Fundi anashuku kampuni. Kushuku si dhambi. Huko Marekani, mwaka 2007, kampuni ya Comcast ilionekana ikiwakatiza wateja wake waliotumia torenti, na mwaka 2008 serikali ikaiamuru iache. Lakini pima kwanza. Pakua kitu kingine moja kwa moja kutoka seva kubwa, saa ile ile. Kwa megabiti 20, kikija kwa megabaiti 2 na zaidi kwa sekunde, kasi uliyonunua unayo. Kikikawia nacho, jaribu tena usiku wa manane, kwani jioni watu wengi hugawana mnara mmoja.

Na wenzako wa Njombe wasipakue tena sinema hizo. Zitie katika flashi, umpe mtu unayemwamini anayepanda basi la asubuhi. Kisha acha kompyuta yako ikiendelea kutoa kwa wengine, kama kifurushi charuhusu. Hapo watoaji watakuwa wanne.

Hesabu ya nyumbani: faili ni megabaiti 900. Watu wanne wanatoa, kila mmoja kilobaiti 75 kwa sekunde. Litafika kwa dakika ngapi? Jibu tutalisoma juma lijalo. Kwaherini.