Figo Kwanza: Kutunza Kibofu cha Mtoto Mwenye Mgongo Wazi Katika Kaunti ya Isiolo

Mada kwa semina ya wauguzi, wahudumu wa afya ya jamii na wazazi, Isiolo

Utangulizi



Mtoto akizaliwa na mgongo wazi (spina bifida), macho yote huelekea kidondani na kichwani. Familia hufunga safari ndefu, wengine hadi hospitali ya Kijabe, kidonda kikafungwa na maji ya kichwa yakawekewa mrija. Wazazi hurudi nyumbani wakimshukuru Mungu kwamba mtoto yu hai. Habari za kibofu huja baadaye sana, siku mtoto anapokataliwa shuleni kwa sababu ya harufu ya mkojo. Kufikia siku hiyo huenda figo zimekwisha kuumia.

Ninaloleta mbele yenu ni hili: kibofu kitibiwe tangu wiki za kwanza za maisha, lengo la kwanza liwe kuziokoa figo, na ukavu ufuate, na sehemu kubwa ya tiba hiyo inaweza kufanyika hapahapa Isiolo, kwa mikono ya wazazi.

Kinachotokea kibofuni

Neva zinazoongoza kibofu hutoka sehemu ya chini ya uti wa mgongo, palepale ambapo mgongo wazi hutokea mara nyingi. Ndiyo maana watoto wengi mno wenye hali hii wana kasoro ya kibofu, hata wale wanaotembea vizuri. Kwa wengine mlango wa kibofu umelegea, mkojo unadondoka mchana kutwa. Kwa wengine kibofu hujikaza huku mlango wake ukigoma kufunguka. Mkojo hubaki ndani, shinikizo hupanda, na hatimaye mkojo hurudi juu hadi kwenye figo.

Mwaka 1981 daktari Edward McGuire na wenzake walionyesha kwamba shinikizo likizidi sentimita 40 za maji kabla mkojo haujavuja, figo ziko hatarini. Kwa hiyo mtoto mkavu anaweza kuwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake anayelowa. Wala uharibifu huu haumlizi mtoto, maana hisia za kibofu ni hafifu. Tukingoja dalili, tumechelewa.

Katheta safi

Zamani madaktari waliamini katheta haifai kutumiwa ila kwa utaratibu wa chumba cha upasuaji. Mwaka 1972 Jack Lapides wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alichapisha matokeo yaliyobadilisha imani hiyo: usafi wa kawaida unatosha, mradi kibofu kimwagwe mara kwa mara. Kibofu kilichofurika na kutanuka kupita kiasi ndicho hushindwa kupigana na vijidudu.

Utaratibu wenyewe ni mfupi. Nawa mikono kwa sabuni. Safisha sehemu za siri za mtoto. Pitisha katheta nyembamba, yaani mpira wa mkojo, taratibu hadi mkojo uanze kutoka. Ngoja uishe wote, kisha itoe polepole. Katheta ikiwa itatumika tena, ioshe kwa sabuni na maji safi, iache ikauke, uihifadhi katika chombo safi chenye kifuniko. Mchana, rudia kila baada ya muda wa saa 3 au 4, na mara ya mwisho mtoto anapokwenda kulala. Katheta na glavu zisiwe za lateksi, kwa kuwa watoto hawa hupata mzio wake kwa urahisi, na mzio huo unaweza kuua.

Kibofu kikiwa kinajikaza ovyo, daktari huongeza oksibutinini ili kukituliza. Dawa hii hukausha mdomo, huleta choo kigumu na hupunguza jasho. Katika jua la Isiolo hilo la mwisho si dogo: mtoto anayeitumia akae kivulini, anywe maji, na akipatwa na joto kali mwilini apelekwe kituoni mara moja.

Wachache ambao katheta na dawa haviwatoshi huhitaji upasuaji. Upo, kwa mfano, ule wa Paul Mitrofanoff wa Ufaransa, aliyeutangaza mwaka 1980, ambao hutumia kidole tumbo kutengeneza njia ya katheta kutoka kitovuni au tumboni hadi kibofuni.

Mazoea ya kurekebisha

Kumnyima mtoto maji ili asilowe ni hatari. Mkojo mzito hukaribisha maambukizi na mawe, na joto letu halina huruma.

Kumkamua mtoto tumbo ili mkojo utoke huongeza shinikizo lilelile tunalolikimbia. Tuache.

Choo kigumu hukibana kibofu. Familia inayoishi kwa maziwa na nyama imtafutie mtoto mboga, matunda na maharagwe, na imkalishe chooni saa ileile kila siku baada ya kula.

Vijidudu kuonekana kwenye mkojo wa mtoto anayetumia katheta ni jambo la kawaida. Antibiotiki zitolewe akiwa na homa, maumivu, au akianza kulowa kuliko kawaida yake. Tukizimwaga ovyo, siku ya homa ya kweli hazitafanya kazi.

Kuna pia jambo ambalo sitalificha. Msichana aliyekeketwa na kushonwa ni vigumu kumpitisha katheta. Ukeketaji umepigwa marufuku nchini Kenya kwa sheria ya mwaka 2011. Kwa binti mwenye mgongo wazi, kisu hicho kinaweza kumfungia njia ya tiba.

Kwa wanaohofia ibada: wanazuoni wa Kiislamu wanamhesabu asiyeweza kuzuia mkojo kuwa mwenye udhuru. Hutawadha wakati wa swala ukiingia, akaswali. Mtoto huyu asifukuzwe duksi, yaani chuo cha Qur'ani.

Mapendekezo

1. Kila mtoto mwenye mgongo wazi apigwe ultrasaundi ya figo na kupimwa kreatinini (kipimo cha damu cha utendaji wa figo) mapema baada ya kuzaliwa, kisha vipimo virudiwe kwa ratiba hata akiwa anaonekana mzima.

2. Katheta za watoto ziingizwe katika ununuzi wa kaunti na zifike zahanati za mbali. Mzazi wa Merti asilazimike kusafiri hadi mjini kwa ajili ya mrija mmoja.

3. Wahudumu wa afya ya jamii, waliopewa vifaa vyao kote nchini mwaka 2023, wafundishwe kusimamia katheta nyumbani. Wao ndio wanaojua familia ipo wapi inapohama na mifugo.

4. Katika kila familia wajifunze angalau watu wawili, baba akiwemo. Mama akiugua au akienda sokoni, saa za katheta haziahirishwi.

5. Mtoto aanze kujifunza mwenyewe karibu na umri wa kuanza shule, na shule impe choo chenye mlango unaofungika, maji, na ruhusa ya kutoka darasani bila kuulizwa mbele ya wenzake.

6. Mama aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi apewe asidi ya foliki ya kiwango kikubwa kabla ya mimba nyingine. Mfereji wa neva, ambao usipofungika huleta mgongo wazi, hufungwa ndani ya siku 28 za kwanza baada ya mimba kutungwa, kabla wengi hawajajua wana mimba.

Hitimisho

Ndugu zangu, figo zilizokufa hazirudi. Anayezipoteza mara nyingi hubaki akitegemea mashine ya kusafisha damu, gharama na safari ambazo familia nyingi hapa haziwezi kuzibeba. Katheta, sabuni na mtu aliyefundishwa ni vitu tunavyoweza kuvipata. Naomba kila kituo kilichowakilishwa hapa kiandike leo orodha ya watoto wenye mgongo wazi katika eneo lake, na kila mtoto apangiwe siku ya kupimwa figo kabla hatujaachana.