Vita Vilivyoamuliwa Ghalani: Maji Maji katika Bonde la Kilombero, 1905–1907



Swali la mada hii ni moja. Vita vya Maji Maji katika bonde letu vilishindwa lini, na vilishindwa wapi? Wengi wetu, walimu wa Historia, tunafundisha kwamba vilishindwa Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, siku wapiganaji walipolivamia boma la Wajerumani wakaangushwa na bombomu mbili. Naona jibu hilo halitoshi. Boma lilishinda siku ile, lakini bonde halikushindwa. Bonde lilishindwa kwa njaa, miezi mingi baadaye.

Vita vilianza mwishoni mwa Julai 1905 huko Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mganga aliyewapa watu maji ya kuwakinga na risasi, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, lakini maji yake yalikwisha kuvuka nchi mikononi mwa wajumbe. Katikati ya Agosti kituo kidogo cha askari hapa Ifakara kilivamiwa na askari wake wakauawa. Hazikupita hata wiki tatu, Mahenge nayo ikashambuliwa.

Tuangalie majira, maana sisi wa Kilombero hatuwezi kuelewa lolote bila majira. Mpunga wa bondeni hupandwa mvua za Novemba na Desemba, na Julai huwa umekwisha kuvunwa. Kwa hiyo mwezi Agosti ghala lina kitu, mto umeshuka, njia zinapitika, na hakuna palizi inayomfunga kijana shambani. Hapo ndipo watu wengi namna ile waliweza kuacha vijiji vyao na kupanda Mahenge. Lakini jeshi lenye chakula cha Agosti lazima liwe limerudi shambani ifikapo Desemba. Asiyerudi hatavuna.

Ndani ya boma alikuwamo Kapteni von Hassel pamoja na askari wake na wasaidizi waliotoka kwa watawala rafiki wa Wajerumani. Waliofika kupigana nao walikuwa Wapogoro, Wambunga na Wangindo, watu ambao kabla ya hapo hawakuwa jeshi moja. Mamia walikufa mbele ya bombomu. Hata hivyo hawakutawanyika, na boma likabaki limezingirwa hadi mwishoni mwa Septemba, Kapteni Nigmann alipofika kutoka Iringa. Nawaomba tulisisitize hili darasani. Watu waliokwisha kuona kwa macho yao kwamba risasi haigeuki maji waliendelea kupigana. Anayewaeleza kama watu waliodanganywa na mganga, kisha wakazinduka, hajaeleza miezi iliyofuata.

Katika miezi hiyo Wajerumani waliacha kutafuta mapigano makubwa wakatafuta chakula. Kapteni Wangenheim alimshauri Gavana von Götzen kwamba njaa na ufukara ndivyo vitakavyowatiisha watu, na ndivyo ilivyotendeka kusini kote. Vijiji vilichomwa, maghala yakateketezwa au kubebwa, na mimea ikaharibiwa. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa aliwakadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa na maradhi yaliyoandamana nayo. Mashariki ya bonde, nchi ya Wangindo ilipungukiwa watu, pori na wanyama vikasonga mbele. Sehemu kubwa ya nchi hiyo leo imo ndani ya Pori la Akiba la Selous na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mwanafunzi anayedhani pori lile limekuwa tupu tangu dunia kuumbwa anastahili kusahihishwa.

Mbinu hii ya kuteketeza chakula haikubuniwa Mahenge. Mwaka 1779, katikati ya vita vya uhuru wa Marekani, George Washington alimtuma Jenerali John Sullivan katika nchi ya mataifa ya Iroquois yaliyokuwa yakipigana upande wa Uingereza. Jeshi lake lilichoma vijiji zaidi ya 40, likakata miti ya matunda na kuteketeza mahindi yaliyokuwa yanakomaa. Maelfu ya watu walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, na wengi walikufa kwa njaa na baridi majira yale. Wale wale waliokuwa wakipigania uhuru wao ndio walioyachoma maghala ya wenzao. Tunapofundisha uhuru wa Marekani bila mwaka 1779, tunawapa wanafunzi nusu ya habari.

Hata maji yana mwenzake huko. Tenskwatawa, nabii wa Washawnee na ndugu yake Tecumseh, aliunganisha watu wa makabila mengi kwa imani, na inasimuliwa kuwa aliwaahidi kinga dhidi ya risasi za Wamarekani. Tarehe 7 Novemba 1811 walipigana na William Henry Harrison kwenye mto Tippecanoe. Siku iliyofuata Harrison aliuchoma mji wao pamoja na akiba ya chakula. Miaka 29 baadaye alichaguliwa kuwa rais, na sifa ya vita vile ilimsaidia sana.

Sasa nije kwa Kiwanga, maana hapa ndipo darasa huwa gumu. Kiwanga, mtema (mtawala) wa Wabena wa bondeni, alisimama na Wajerumani. Mtoto wa Ifakara akiuliza, "Mwalimu, huyo alikuwa msaliti?", tumjibu nini? Mimi namrudisha nyuma kidogo. Mwaka 1905 hapakuwa na Tanzania ya kusalitiwa. Palikuwa na kumbukumbu za miongo ya vita kati ya Wabena, Wahehe na Wambunga, na Kiwanga alikwisha kuwatumia Wajerumani dhidi ya Wahehe wa Mkwawa. Kuungana na Wambunga kulimtaka amwamini adui wa jana kuliko rafiki wa jana. Waoneida, mojawapo ya mataifa ya Iroquois, walichagua vivyo hivyo wakapigana upande wa Washington. Mwaka 1788 jimbo la New York likachukua sehemu kubwa mno ya ardhi yao. Ukoo wa Kiwanga ulipata zaidi, kwani katika miaka ya 1930, chini ya Waingereza, Towegale Kiwanga alikuwa mtema. Simsafishi Kiwanga. Waliochomewa ghala walikuwa majirani zake, naye alikuwa upande wa wachomaji. Ninachokataa ni neno moja kutumika mahali pa maelezo.

 

Napendekeza kwamba katika somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kila shule ya bonde hili ifanye walichofanya wanafunzi wa chuo kikuu kishiriki cha Dar es Salaam mwaka 1968, walipokwenda vijijini kuandika masimulizi ya Maji Maji. Wakati ule waliopigana walikuwa hai. Leo tutawakuta wajukuu na vitukuu, kwa hiyo maswali yabadilike. Tuulize ukoo ulihama kutoka kijiji gani ambacho hakipo tena, ulikula nini shamba lilipochomwa, ulimpokea nani na ulimfukuza nani. Kidato cha pili wanaweza kuanza likizo ya Juni, wazee wanapokuwa wanamalizia kuvuna, na majibu yaandikwe kwa jina la kijiji, Wapogoro, Wambunga, Wandamba na Wabena katika daftari moja.